Mwaka Ambao Sikuchungulia

Agosti iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki ya macho, Malindi, nimetiwa ile dawa inayopanua mboni mpaka dunia nzima ikawa ukungu, nikasikia sauti ya mwanamume upande wangu wa kushoto ikimwuliza muuguzi kama dawa hiyo inamkataza mtu kunywa chai. Sauti niliijua kabla sijalikumbuka jina. Ina tabia ya kupanda mwishoni hata pale isipouliza kitu. Nikasema, "Kazungu?" Nikasikia benchi likilia, akanigeukia. Kisha akasema, "Zuhura wa alama za kutoa!" Ndivyo alivyokuwa akiniita chuoni, kwa kuwa katika kila hesabu nilipoteza alama moja ya kutoa. Lo! Miaka ishirini na nane hatujaonana, na siku ya kukutanishwa tumekutanishwa hatuoni. Nilinyoosha mkono nikashika mkono wa shati lake. Hakuniuliza habari za mume wala watoto, hakuniuliza naishi wapi. Aliuliza jambo moja, taratibu, jambo ambalo bila shaka alikuwa amelibeba muda mrefu: "Ile bahasha. Uliifungua lini?"

Nilimjibu, na alichosema baada ya jibu langu nitakieleza mwisho, maana nikikitanguliza mtaniona mpumbavu kabla hamjajua upumbavu wangu ulivyokuwa na adabu. Mwaka ninaousema ulianza Januari ya tisini na saba ukaishia Aprili ya tisini na nane. Kwangu mie huo ni mwaka mmoja, kalenda na iseme itakavyo. Ndio mwaka nilioishi Garsen, nikifundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari, na ndio mwaka niliompoteza Kazungu, rafiki ambaye sikupata tena mwingine wa kufanana naye. Nilimpoteza kwa sababu ya bahasha niliyoiacha imefungwa. Watu hupoteza marafiki kwa uwongo, kwa wivu, kwa maneno ya kuambiwa. Mie nilimpoteza kwa uaminifu, tena uaminifu wa mara moja.

Chumba changu kilikuwa nyumbani kwa Mama Komora, mjane wa Kipokomo mwenye shamba kule chini ya mto na nyumba ya bati hapa juu mjini. Kilikuwa na kitanda cha kamba, chandarua chenye viraka vya kitambaa cha kanga, na meza ambayo zamani ilikuwa mlango. Bawaba zake zilikuwa bado zipo pembeni, na kila nikiandika zilinikwaruza mkono. Dirisha lilitazama njia ya kwenda Hola. Ukuta wa kati ulikuwa wa udongo, mwembamba, kwa hiyo maisha ya Mama Komora niliyajua kwa masikio kabla ya macho: sala yake ya alfajiri kwa Kipokomo, mwiko wake ukigonga sufuria, na ugomvi wake wa kila asubuhi na Hawo, mwanamke wa Kiorma aliyekuja kutuletea maziwa. "Ng'ombe zenu zimekula ndizi zangu," Mama Komora angeanza. "Ng'ombe yetu hapana kula ndizi. Ndizi yako nafuata ng'ombe," Hawo angejibu, na Kiswahili chake kile kifupi kilikuwa hakipindwi na mtu. Wangezozana mpaka chai ichemke, kisha ningesikia vikombe viwili vikiwekwa chini. Mie nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nimevaa, nimejiandaa, nasubiri mtu aniite. Mara nyingi waliniita. Lakini kuna asubuhi walisahau, na asubuhi hizo nilikwenda kazini bila kusema neno na mtu hata mmoja hadi nilipofika mbele ya ubao.

Sikuwa na wa kuzungumza naye yale yaliyokuwa kichwani mwangu, na huo ndio upweke ninaousema. Walimu wenzangu walikuwa watu wazuri. Tulikula pamoja wali na kambare wa mchuzi, tulicheka, walinitania kwamba nitaolewa na mwenye ng'ombe mia. Lakini siku moja mwalimu wa Historia aliniuliza ni nini ninachoandika nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, nami nikamwambia, "Mashimo meusi." Akauliza, "Ya choo?" Chumba cha walimu kizima kilicheka, nami nilicheka nao, na tangu siku hiyo niliandikia chumbani.

Sasa niwaeleze hayo mashimo, maana bila hayo kisa hiki hakina miguu. Nyota kubwa ikishamaliza moto wake hujiporomokea yenyewe, mpaka mvutano wake uwe mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Hilo ndilo shimo jeusi. Lina ukingo: ukiuvuka kuingia ndani, huwezi kurudi. Nadharia tuliyofundishwa sote, ile inayokubalika, yasema shimo hili ni sahaulifu mno. Liwe limemeza chuma, chumvi au gesi, wewe uliye nje utajua mambo matatu tu: uzito wake, mzunguko wake, na chaji yake ya umeme. Mengine yote limeyafuta. Lakini ziko nadharia nyingine za mvutano, mbadala, ambazo zinaongeza kitu kimoja zaidi, nacho huitwa uga: kitu kilichotandaa kila mahali, kama joto la chumbani ambalo kila pembe ina kipimo chake. Katika nadharia hizo uga huo ndio unaoamua mvutano uwe mkali kiasi gani. Basi swali letu mimi na Kazungu lilikuwa hili: shimo jeusi la nadharia mbadala litabaki na alama ya ule uga nje yake, au nalo litaufuta? Likibaki na alama, basi siku moja mtu mwenye darubini nzuri ataweza kutazama na kusema nadharia ipi ni ya kweli. Tulitaka sana libaki na alama. Tulikuwa vijana, tulitaka dunia iwe imeficha kitu, na sisi ndio tukione.

Mimi niliondoka chuoni Nairobi kwa kuwa nilihitaji kazi; Kazungu alibaki kuendelea na shahada ya pili. Mwalimu wake alimwekea sharti: hesabu ile ipigwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, na majibu yakikutana kabla ya katikati ya mwaka wa pili, Kazungu atapata shahada na mimi nitafunguliwa mlango wa kurudi. Nilikuwa na njaa ya kurudi. Kupiga hesabu wawili ni desturi ya watu wa kazi yetu. Kila mmoja hufunga jibu lake ndani ya bahasha, na bahasha hazifunguliwi mpaka wote wawe wamemaliza, kwa sababu jicho likishaona jibu, mkono hutafuta njia ya kulifikia. Ndipo penye aibu yangu. Mwaka wa tatu wa chuo tulifungiana bahasha namna hiyo, nami nikaifungua yake kwa mvuke wa birika. Nikanakili. Kumbe alikuwa amekosea alama moja ya kutoa! Mwalimu aliposoma kazi zetu, alikuta kosa lile lile pahali pale pale. Makosa mawili tofauti ni bahati mbaya, lakini kosa moja kwa watu wawili ni wizi. Kazungu hakunisema kwa mtu. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Wewe huna subira hata chembe. Siku nikiwa na jambo nataka ulisome upesi, nitaandika juu yake usifungue." Nilicheka pia, lakini moyoni niliungua, nikaapa kwamba sitachungulia tena maishani. Kiapo hicho sikumwambia. Niliona haya.

Watu walisema sisi wachumba. Hatukuwa. Nisidanganye uzeeni: angeniuliza, ningekubali kabla hajamaliza sentensi. Hakuuliza, nami sikumwonyesha.

Mwezi wa nane wa mwaka ule mpunga wa Mama Komora uliiva, na ndege walikuwa wengi. Alinitazama nilivyokuwa nashinda chumbani siku za likizo, akasema, "Mwalimu, hayo maandishi yako yanahitaji kiti, si ndiyo? Basi kiti kiko dunguni." Dungu ni jukwaa la miti katikati ya shamba, refu kuliko mtu, lenye kipaa cha makuti, ukikaa juu yake unaona shamba lote na unaamia ndege, yaani unawafukuza wasile mpunga. Alinipa teo la kurushia na rundo la madonge ya udongo mkavu. Nilikuwa naandika mistari miwili, napiga kelele, "Haaaya! Tokeni!", navurumisha donge, narudi kwenye mstari. Mchana nililetewa ndizi mbichi zilizochemshwa na kipande cha samaki wa kukaushwa. Wallahi, sijawahi kuwa na ofisi nzuri kama ile. Na hapo hapo dunguni, wiki ya tatu, nilipata jibu: shimo linabaki na alama. Uga ule haukufutika! Nilisimama nikapiga ukelele, na Mama Komora akaja mbio na jembe akidhani nimeona nyoka. "Nimepata, mama!" "Umepata nini?" Nikatazama huku na huku, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nikasema, "Nimepata hesabu." Akasema, "Ahaa," akarudi kulima. Nilikaa nikalia kidogo, si kwa huzuni, ni ile furaha inayokosa pa kwenda.

Lakini jibu lililokuja kwa furaha namna ile nililitilia shaka. Nilianza kulikagua upya, na Oktoba mwanzoni, kabla sijamaliza kukagua, basi la Malindi lilileta barua ya Kazungu. Kwa kawaida aliandika kurasa nne: nani kaachana na nani, chakula cha bweni, uvivu wa mwalimu wake. Safari hii kulikuwa na kikaratasi chenye maneno machache: "Hesabu yangu imo ndani ya bahasha hii. Usifungue mpaka umalize yako. K." Na bahasha ya kaki, imefungwa kwa gundi, juu ya gundi utepe wa karatasi. Niliudhika. Nikasema, amemaliza kabla yangu, sasa anajiona, hata salamu hana. Hiyo ndiyo fikra iliyonijia. Fikra nyingine haikunijia kabisa.

Kule kwa Mama Komora kulikuwa na mila moja kuhusu barua: barua husomwa hapo hapo mlangoni, watu wamesimama, aliyeileta hajaondoka. Kama hapana anayejua kusoma, huitwa mwanafunzi. Nduguye Mama Komora alifia Kinakomba, na barua ya msiba ilikaa siku tatu ndani ya kikapu cha mtu hapa Garsen. Ilipofunguliwa, marehemu alikuwa ameshazikwa. Tangu hapo barua haikulala katika nyumba ile. Kwa hiyo nilipompa bahasha nikamwambia, "Mama, niwekee hii kwenye kasha lako. Usinipe mpaka nikwambie nimemaliza kazi. Hata nikilia usinipe," alinitazama vibaya. "Na kama ni msiba?" "Si msiba, mama. Ni hesabu." "Umejuaje na hujafungua?" Hawo alikuwepo, anamimina maziwa. Alichukua bahasha akaipima kwa kiganja, akanirudishia. "Mwalimu, kwetu mtu nafika, natoa habari kwanza, maji baadaye. Habari hapana lala." Nikacheka. Nikawaambia hiyo ni kazi ya wasomi ina taratibu zake. Ebo! Msomi mie, nawafundisha wanawake wale namna ya kupokea barua! Mama Komora aliitia bahasha ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani, akakifunga kitabu ndani ya kasha, ufunguo akautundika shingoni.

Njia ilikuwa bado iko wazi wakati huo. Ilibaki wazi wiki mbili nzima. Nimezihesabu mara nyingi.

Kisha ikaja ile mvua ya Elnino. Sitaieleza sana, walioiona wanaijua. Walimu wenzangu walifunga virago mapema. Mimi nilibaki nikisema nitamaliza ukaguzi wangu wiki hii, nitaondoka ijayo, na wiki ijayo barabara ya Malindi ilikuwa maji matupu. Shamba lilizama na dungu likachukuliwa. Watu wa Kilelengwani na vijiji vya chini walipandishwa na mitumbwi wakalala madarasani mwangu, na ubao ambao niliandika kanuni za mwendo ukafanywa kizuizi cha kutenga akina mama. Tulikula mahindi ya msaada yaliyochemshwa na chumvi, na kambare waliovuliwa kwenye uwanja wa mpira. Nyumba nzima ya Mama Komora ilijaa ndugu zake, na hapo ndipo nilipojua kwamba upweke hauponi kwa watu kuwa wengi. Walizungumza Kipokomo usiku na mchana, walicheka, walilia, walinigawia kila kitu, na kila walipogeuka kunifasiria, jambo lenyewe lilikuwa limekwisha pita.

Mchana mmoja wa Desemba uvumilivu ulinikatika. Nilikuwa nimekagua mpaka nimechoka, sijui kama jibu langu ni kweli au ni ndoto, na jibu la Kazungu liko hatua tano kutoka kitandani kwangu. Nilimwendea Mama Komora, alikuwa amekalia kasha lenyewe akichambua maharage. "Mama, nipe ile barua." "Umemaliza kazi?" "Bado." "Basi." "Mama, nimebadili nia. Nakuomba." Akainua uso. "Ulisema hata ukilia nisikupe. Unalia?" "Silii." "Na ukilia pia sikupi. Mimi nilikwambia barua hailazwi, wewe ukasema ina utaratibu wake. Haya, nashika utaratibu wako." Niliona hasira, nikatoka nje nikasimama kwenye matope. Na baadaye kidogo nilirudi nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru! Nilimwambia ameniokoa na tabia yangu mbaya. Siku ile nilijiona nimekuwa mtu mzima.

Ramadhani iliingia maji yakiwa bado yamejaa. Mama Komora, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, alinipikia uji wa futari kila siku ya mfungo, na hakula mbele yangu mchana hata mara moja. Idd nilivaa gauni langu jekundu, nikakaa kwenye meza yangu ya mlango, nikasikia takbira kutoka msikitini, nikajisemea kwamba Kazungu angekuwepo angenidai pilau. Nilimwandikia barua tatu kipindi kile, nikawapa watu wa mashua wazipeleke posta. Niliandika habari za mafuriko, nikamwambia bahasha yake iko salama, sijaigusa. Nilitia mstari chini ya sijaigusa.

Maji yaliposhuka, Mama Komora alilima nyuma yake, ndivyo wanavyofanya, maji yakirudi hatua moja jembe linafuata hatua moja. Alipanda mahindi kwenye tope jipya, vijana wakasimamisha dungu jipya kwa ajili ya nyani, na mwezi wa nne nilikuwa tena juu yake na karatasi zangu. Na ndipo nilipoliona kosa. Ngoja nilieleze, ni jepesi. Unachukua mlinganyo wa ule uga, unauzidisha kwa uga wenyewe, kisha unajumlisha kutoka ukingoni mwa shimo mpaka mbali kusiko na mwisho. Ncha ya mbali inakufa yenyewe. Ncha ya ukingoni nilikuwa nimeipa thamani, na thamani hiyo ndiyo iliyonipa ile alama niliyoifurahia. Kumbe nilikuwa nimepima kwa saa ya mtu aliyesimama mbali. Aliye mbali akimtazama mtu anayeangukia shimoni, humwona anapunguza mwendo, anakaribia ukingo, anasimama hapo hapo milele. Kwa saa yake hakuna kilichotokea. Lakini anayeanguka ana saa yake mwenyewe, na kwa saa hiyo ameshapita zamani. Nilipopima kwa saa ya anayeanguka, ncha ya ukingoni ikawa sifuri. Kilichobaki ni jumla ya vitu ambavyo hakuna hata kimoja kinachoweza kuwa chini ya sifuri, na jumla yake ni sifuri. Basi kila kimoja ni sifuri. Uga hauna alama. Shimo la nadharia mbadala ni lile lile la nadharia ya zamani, linasahau vile vile.

Niliweka kalamu chini. Nyani walikuwa wamekwisha ingia safu ya mwisho ya mahindi, nikawaacha wale.

Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na tope hadi magotini. "Mama, nimemaliza." Mama Komora alivua ufunguo shingoni, akafungua kasha, akatoa kitabu cha nyimbo. Hawo alikuwepo pia, na wote wawili walisimama, kwa kuwa barua husomwa watu wamesimama. Nilichana bahasha. Nilitazamia kurasa za hesabu. Ilikuwa karatasi moja, imeandikwa upande mmoja, na naikumbuka neno kwa neno.

"Zuhura, najua umeshafungua kabla basi halijaondoka, ndiyo maana nimeandika humu, pengine popote ningeona haya. Hesabu sina. Tangu mwezi wa tano sijashika kalamu. Nalala mchana, naamka nimechoka, nasikia watu wanapita mlangoni nashindwa kuwafungulia. Sijui ni ugonjwa gani na sijamwambia mtu. Usinijibu kwa barua ndefu. Njoo, au niambie nije huko Garsen, hata nilale kwenye sakafu ya jikoni. Nikisikia neno lako nitapata nguvu ya kufunga mkoba. Nisipolisikia mpaka mwisho wa Novemba nitajua nimekulemea."

Mama Komora aliuliza, "Ni msiba?" Niliwasomea kwa sauti. Hawo alitazama uso wangu, akaweka kibuyu cha maziwa chini, akaketi sakafuni, kitendo ambacho sikupata kumwona akikifanya katika nyumba ile. Mama Komora akaanza kujilaumu, kwamba angenipa ile siku ya Desemba, nikamwambia hapana, mama, Desemba ilikuwa imeshapita Novemba. Hilo ndilo lilikuwa la kumfariji! Nilifika Nairobi baada ya siku tatu za njia mbovu. Chumbani kwake bwenini nilimkuta kijana mwingine, hamjui. Mwalimu wake alisema Kazungu aliondoka mwishoni mwa Novemba bila kuaga, godoro lake aliliacha. Akanihurumia, akataka kuona kazi yangu, akaisoma kwa dakika kumi. "Sawasawa kabisa," alisema. "Ila hili lilishathibitishwa mlipokuwa bado watoto. Nilitaka tu kuona kama mnaweza." Nikamwitikia ndiyo, nikakusanya karatasi zangu. Niliandika nyumbani kwao Kazungu barua nne na hakuna iliyojibiwa. Majuto ni mjukuu, wazee wamesema, na wangu huyu nimemlea peke yangu.

Sasa nirudi kwenye benchi la kliniki. Aliponiuliza, "Uliifungua lini?" nilimwambia ukweli, "Mwezi wa nne. Nilipomaliza hesabu." Sikuweza kuuona uso wake. Nilisikia pumzi yake tu, ikitoka polepole. "Wewe?" akasema. "Wewe Zuhura, hukuchungulia?" "Niliapa. Tangu ile ya birika." "Hukuniambia kwamba umeapa." "Niliona haya." Kisha akaniambia kwamba alirudi kwao, alilala karibu miaka miwili, mama yake alimlisha kwa mkono, akainuka, akanunua kinu cha kusaga mahindi, akaoa, ana wasichana watatu. Barua zangu zilifika, alisema, zile za mafuriko kwa kuzunguka Nairobi, na hakuzifungua hata moja. "Kwani nifungue nini? Miaka yote hii nilijua ulisoma siku ile ile ukanyamaza."

Nilishika mkono wa shati lake kwa nguvu, nikalia hadharani, mbele ya wagonjwa nisiowaona, na dawa ya macho ikanichoma. Naye alilia, nadhani, au labda ni ile dawa. Muuguzi akaita jina lake. Alisimama, akanitajia namba yake ya simu, akairudia mara mbili kwa kuwa wala mimi wala yeye hatukuweza kuandika; nikaishika kichwani mpaka nyumbani. Kabla hajaenda aliuliza, "Na shimo lilikuwaje?" Nikamwambia, "Sifuri." Akasema, "Afadhali tulijua," akafuata sauti ya muuguzi, mkono mmoja ukipapasa ukuta.

Siku hizi huniandikia ujumbe, si mara nyingi. Juzi nilikuwa jikoni nakanda unga wa chapati, simu ikalia mezani. Binti yangu alisema, "Mama, nawa mikono kwanza, si itasubiri?" Niliifungua na unga wangu hivyo hivyo mpaka vidoleni, nikiwa nimesimama. Alikuwa ameandika, "Umeshindaje?" Nikamjibu hapo hapo.